Kondoa: mvua ilichonga ardhi, ng'ombe wakahukumiwa

Mwaka 1979 amri ilishuka katika milima ya Irangi, wilaya ya Kondoa, katikati ya Tanzania: ng'ombe wote waondoke. Mbuzi pia, kondoo pia, hata punda. Haikusemwa wapunguzwe, ilisemwa waondoke. Eneo lililofungwa lilikuwa na kilometa za mraba 1,256, na mifugo waliotolewa humo walikaribia 90,000. Familia ambazo tangu mababu zililipa mahari kwa ng'ombe, zilirutubisha shamba kwa samadi ya ng'ombe na kulea watoto kwa maziwa ya ng'ombe, zikabaki na mazizi matupu.

Wanyama hao walishitakiwa kosa gani? Ushahidi ulikuwa nje, mtu yeyote aliona. Milima ilikuwa imepasuka. Mahali palipokuwa na mteremko wa malisho palibaki makorongo mekundu, mengine marefu kwenda chini kuliko nyumba, yenye kuta zilizosimama wima na vigogo vya udongo vilivyobaki vimesimama peke yao kama watu wanaongojea gari. Chini bondeni, mashamba yalikuwa yamefunikwa na mchanga. Mito ilikuwa mito kwa jina tu: miezi saba au minane ya mwaka ni njia pana ya mchanga mkavu, kisha mvua ikinyesha juu, maji yanakuja kwa kishindo na baada ya saa chache yamepita.

Wakaaji wa Bukavu, Uvira au Butembo wanajua ravini ni nini. Lakini kwetu ravini mara nyingi ni jeraha la mji: barabara isiyo na mtaro, paa za mabati zinazomwaga maji yote mahali pamoja, nyumba zilizojengwa mlimani bila mpango. Kule Kondoa hakukuwa na mji mkubwa, na mvua yenyewe si nyingi. Kwa mwaka inanyesha kati ya milimita 600 na 900 hivi, katika msimu mmoja tu, tangu mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili hadi mwezi wa nne au wa tano. Mtu wa Kivu akisikia hesabu hiyo atacheka, maana kwetu mvua ya namna hiyo inaitwa ukame. Basi swali linakuja lenyewe: iliwezekanaje nchi kavu iliwe na maji namna ile?

Jibu ni kwamba ukavu wenyewe ndio uliofungua mlango. Mwaka 1958 wataalamu wawili wa Marekani, Walter Langbein na Stanley Schumm, walilinganisha mito mingi ya nchi yao na udongo inaoubeba. Walikuta jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mito inayobeba udongo mwingi zaidi haitoki kwenye msitu wenye mvua kubwa, na wala haitoki jangwani. Inatoka katika nchi za katikati, nchi kame zenye mvua kidogo. Jangwani hakuna maji ya kubeba udongo. Msituni maji yapo, lakini majani, mizizi na takataka za miti zinayashika. Katikati ya hizo mbili, mvua inatosha kubomoa lakini haitoshi kuotesha majani ya kulinda ardhi mwaka mzima. Kondoa iko huko katikati, pamoja na sehemu kubwa ya Dodoma na Singida.

Kazi yenyewe inaanza na kitu kidogo sana. Tone kubwa la mvua linaanguka kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likianguka juu ya jani, nguvu yake inaishia pale. Likianguka juu ya udongo uliokuwa uchi tangu mwezi wa tano, linarusha chembe pande zote, na juu ya mteremko nyingi zinaanguka upande wa chini. Chembe laini zinaziba matundu ya udongo. Juu panajitengeneza ganda gumu, na tangu hapo maji hayaingii tena ardhini hata kama ardhi ina kiu, yanateleza juu yake. Hii ndiyo ajabu ya nchi kame: mvua inanyesha, maji yanakimbia, na ukichimba kidogo chini unakuta vumbi.

Maji yanayoteleza kama shuka hayafanyi kelele, kwa hiyo watu hawayaogopi. Lakini hayo ndiyo yanayochukua udongo wa juu wenye rutuba, milimita kwa milimita. Watafiti waliopita Dodoma na Kondoa miaka ya 1970 walitumia njia rahisi ya kuyapima: walitazama mizizi ya miti. Mti haupandi juu. Ukikuta mizizi yake imeachwa hewani, umbali wa kutoka pale hadi chini ndio udongo uliokwenda, na umri wa mti unakwambia ulikwenda kwa miaka mingapi. Kipimo hicho hakihitaji mashine, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifanya nyuma ya shule yake.

Kisha maji yanajikusanya. Kijifereji cha upana wa kidole kinakutana na kingine, na panapokuwa na njia ya ng'ombe au njia ya watu kwenda kisimani, maji yanaichukua njia hiyo kama yametengenezewa. Yakipata mahali udongo umeshuka ghafla, yanaanguka kama maporomoko madogo. Hapo chini yanachimba, ukuta unabaki bila msingi, unaanguka. Mvua inayofuata inakuta ukuta umerudi nyuma kidogo, inachimba tena. Kwa hiyo korongo linakua kuelekea juu, kinyume na maji yanakoelekea. Kichwa chake kinapanda mlima. Mtu aliyejenga juu ya korongo akidhani maji yatashuka mbali naye amekosea hesabu, maana korongo linapanda kumfuata.

Sehemu nyingine maji yanafanya kazi kwa siri zaidi. Yanaingia katika ufa au katika shimo la mzizi uliooza, yanapita chini kwa chini na kubeba udongo laini, mpaka panakuwa na bomba chini ya ardhi. Juu majani yanaendelea kuota kama kawaida. Siku moja dari la bomba linaanguka na korongo jipya linaonekana mahali ambapo jana palikuwa njia. Na vile vigogo vya udongo vilivyosimama peke yake vina sababu yake: juu yake kulikuwa na jiwe, au shina, au kipande cha udongo mgumu, kikawa mwavuli. Jirani zake hawakuwa na mwavuli, wakaenda.

Huko Amerika ya Kaskazini, katika jimbo la South Dakota, kuna nchi ya namna hiyo ambayo imepata sifa dunia nzima. Walakota waliiita mako sica, yaani ardhi mbaya. Wawindaji Wafaransa walioipita wakasema ni ardhi mbaya kuvuka, na jina hilo likabaki mpaka leo hata kwa Kiingereza. Pale maji yanakula karibu sentimita 2.5 kwa mwaka, na serikali imeifanya mbuga ya taifa, watalii wanalipa kuiona. Lakini mtalii anaondoka jioni. Warangi wa Kondoa walikuwa wanalima katika ardhi yao mbaya, na hapo ndipo historia inapokuwa nzito.

Maana swali la nani aliichana milima hiyo lilipata majibu tofauti kwa nyakati tofauti, na kila jibu lilikuwa na watu wa kulipa.

Jibu la kwanza, lililotawala wakati wa Waingereza na likarithiwa na serikali huru, lilikuwa fupi: ng'ombe ni wengi na watu hawajui kulima. Lakini ardhi yenyewe inasimulia hadithi ndefu zaidi. Katika bonde la Haubi, ndani ya milima hiyo, watafiti walichimba tabaka za udongo ulioteremshwa na maji zamani na kupima umri wa chembe za mchanga, kwa njia inayoonyesha ni lini zilipigwa na jua kwa mara ya mwisho. Tabaka za kale zilikuwa na zaidi ya miaka 11,000. Wakati huo hakukuwa na zizi hata moja katika Irangi. Dunia ilikuwa inatoka katika kipindi cha ukavu mkali na mvua zilikuwa zinarudi, zikakuta mteremko bila majani ya kutosha. Maji yalichonga yenyewe, hakuna aliyeyatuma.

Kipindi kingine cha mmomonyoko kilianza karibu miaka 900 iliyopita. Hapo mkono wa mtu unaonekana: misitu ilikatwa kwa mashamba na kwa mkaa wa kuyeyushia chuma. Makorongo makubwa na mchanga mwingi ni wa karne za karibu zaidi. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa mwaka 1979 walikuta kesi imekwisha kufunguliwa zamani.

Karne ya 19 iliongeza mzigo. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa pwani walikaa pale, na Kiswahili na Uislamu vikaingia. Msafara wa mamia ya watu unakula. Unahitaji nafaka, nyama, kuni kila usiku. Sisi wa Kongo tunaujua msafara kwa upande mwingine wa barabara, Kasongo na Nyangwe, ambako pembe na watu vilikotolewa. Vituo vya katikati vilikuwa na sehemu yao ya gharama: shamba la kuuza chakula kwa msafara ni kubwa kuliko shamba la kulisha nyumba, na mteremko wa ziada lazima ufyekwe.

Baadaye ikaja sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe Afrika ya Mashariki yote kuanzia mwanzo wa miaka ya 1890. Mtu anaweza kufikiri kwamba ng'ombe wakifa ardhi inapumzika. Sehemu nyingine ilikuwa hivyo, lakini vichaka vilivyorudi nyikani vilikuja na mbung'o, na mbung'o walifunga nyika kwa watu na kwa mifugo. Wakaaji wakabanwa juu milimani. Ardhi ya kutosha ilikuwapo chini, ila isiyoingilika, wakati mteremko uleule wa juu unalimwa bila kupumzishwa.

Mwaka 1916 vita vya Wazungu viliingia uani kwao. Katika mwezi wa nne jeshi la Afrika ya Kusini chini ya Jenerali van Deventer lilifika Kondoa likiwa limepoteza farasi wengi njiani, na mwezi wa tano Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walijaribu kuwatoa bila kufaulu. Majeshi mawili yalikaa karibu karibu katika nchi yenye msimu mmoja wa mavuno. Yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Njaa iliyofuata katika Ugogo, jirani upande wa kusini, ina jina lake mpaka leo: Mtunya. Historia za mmomonyoko mara nyingi zinaruka vita, kana kwamba udongo hauna habari navyo. Lakini nyumba iliyopoteza vijana wake haitengenezi tena mtaro, na shamba lisilo na samadi linachoka haraka.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikuta makorongo, wakayaogopa. Miaka ya 1930 watawala wa makoloni walikuwa wameona dhoruba za vumbi za Marekani na neno mmomonyoko lilikuwa katika kila ripoti. Katika Kondoa walikata vichaka vya mbung'o nyikani na kuhamishia huko watu na mifugo. Walifunga sehemu za milima. Walitaka matuta yakingamishwe kwenye mteremko, na ng'ombe wapunguzwe. Mambo mengi kati ya hayo yalikuwa na akili kwa upande wa ufundi, na ni haki kusema hivyo. Lakini yalikuja na faini na askari. Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, amri ya kuchimba ngazi za mteremko iliishia kwa ghasia mwaka 1955, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, watu waliyaacha matuta kama mtu anavyoivua kanzu ya mfungwa.

Upande wetu wa ziwa habari ilikuwa ileile kwa Kifaransa. Baada ya Vita ya Pili Wabeljiji walilazimisha wakulima wa Kivu, na wale wa Ruanda-Urundi, kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kupanda majani juu ya kingo zake. Ilikuwa ndani ya kazi za lazima ambazo sheria ya koloni iliruhusu hadi siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa alijua njia ya gereza. Mwezi wa sita 1960 ulipopita, mitaro mingi ilisahauliwa, mingine ikajazwa makusudi. Wazee wengi wa Kivu bado wanakumbuka mitaro ile kwanza kama adhabu, halafu ndipo kama kinga ya shamba. Ufundi mzuri uliletwa kwa fimbo, na fimbo ilipovunjika ufundi ukaanguka nayo.

Kondoa ikabaki miaka kumi na zaidi bila mpango mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp, walianza kupima udongo unaokwenda. Walichagua mabonde ya Dodoma yenye mabwawa, kwa sababu bwawa halisemi uongo: kila kinachoshuka mlimani kinalala pale. Walikuta mabwawa yaliyojengwa kwa fedha nyingi miaka michache tu nyuma, kama Ikowa, yanajaa tope kwa kasi ambayo wajenzi hawakuiweka katika hesabu zao. Mwenzake mdogo Carl Christiansson aliendelea na kazi hiyo mpaka Kondoa.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi ulioitwa Hifadhi Ardhi Dodoma. Watu waliuita HADO. Mwanzo wake ulikuwa wa trekta: matuta marefu yalisukumwa kukingama mteremko, miche ya miti ilipandwa, makorongo yakazibwa kwa vizuizi. Kazi ilionekana, picha zilipigwa. Lakini ng'ombe walipita juu ya matuta, mbuzi walikula miche, na mvua ya kwanza kubwa ilipata matundu ya kupitia. Baada ya miaka sita wakubwa wa mradi na wa serikali walifikia hitimisho gumu, kwamba matuta na mifugo haviwezi kukaa pamoja katika milima ile. Hapo ndipo ikaja amri ya 1979.

Je, ilifaulu? Kwa upande wa majani, ndiyo, na kwa haraka ambayo hata waliotoa amri hawakuitegemea. Katika misimu michache nyasi zilirudi juu ya ardhi iliyokuwa nyekundu. Vichaka vikafuata, halafu miti ya miombo ikachipua kutoka mashina ya zamani, bila kupandwa na mtu. Kuta za makorongo zilianza kulegea mteremko na kuvaa majani. Maji ya mvua yalipungua kasi. Na bondeni, mchanga uliokuwa unafunika mashamba kila mwaka ulitulia kiasi kwamba watu walianza kulima juu yake, wakitafuta unyevu uliobaki chini. Aliyeona picha za mwaka 1970 na za mwaka 1990 akiziweka pamoja anaweza kudhani ni nchi mbili.

Jambo hilo linafundisha kitu kuhusu kazi ya maji pia. Matuta ya trekta yalipigana na maji yakiwa yamekwisha kukusanyika na kupata nguvu. Majani yalikamata tone moja moja kabla halijawa mto. Kati ya kinga hizo mbili, ile isiyogharimu mafuta ya gari ndiyo iliyoshinda.

Lakini bei haikulipwa sawa. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa na ndugu au rafiki nyikani wa kumwachia kundi. Aliyekuwa na ng'ombe wawili na mbuzi watano aliuza kwa bei ya siku ile, na wanunuzi wanajua kupanga bei wanapoona muuzaji hana pa kurudi. Maziwa yalitoka katika chakula cha watoto. Samadi ilikwisha, na udongo uliookolewa usichukuliwe na maji ukaanza kuchoka kwa kulimwa bila kulishwa. Punda alipoondoka, mzigo wake haukuondoka naye. Ulirudi kichwani na mgongoni mwa wanawake. Waliokuwa wanalima kwa jembe la kukokotwa walirudi kwenye jembe la mkono. Mwanaanthropolojia Wilhelm Östberg, aliyeandika juu ya mabadiliko hayo mwaka 1986, alionyesha kwamba kilichobadilika Kondoa hakikuwa majani peke yake; maisha ya nyumba nzima yalipangwa upya.

Tena kulikuwa na wivu wa mpaka. Mifugo 90,000 hawayeyuki hewani. Walikwenda kwenye ardhi ya wengine, nyika za pembeni, na huko nako kuna mvua ileile na udongo unaofanana. Mlima ulipona kwa sehemu kwa sababu mzigo wake ulihamishiwa kwa jirani. Katika ripoti za mafanikio sentensi hiyo haikupata nafasi kubwa. Hata hivyo, mwaka 1986 eneo la Mvumi, karibu na mji wa Dodoma, nalo lilifungwa na mifugo wakatolewa.

Ni kosa pia kufikiri kwamba maji ni adui tu katika hadithi hii. Makorongo yaleyale yanayotisha wakulima ndiyo yaliyofungua kitabu cha historia ya watu wa kwanza. Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, lilichongwa na maji katika nchi kame, yakapasua tabaka za majivu na udongo za karibu miaka milioni 2, na bila mpasuko huo Mary Leakey asingeliona lile fuvu tarehe 17 mwezi wa saba 1959. Isimila, karibu na Iringa, kuna nguzo za udongo ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, na chini yake zana za mawe zimetapakaa kwa sababu maji yamezifukua. Kwetu, pale Ishango, Semliki inapotoka katika Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 kwenye kingo ambazo maji yalikwisha kuzikata. Na Kondoa yenyewe, juu ya miamba ambayo udongo wake ulikwenda, kuna michoro ya twiga, tembo na watu, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe katika mji wa Uvira na kuua makumi ya watu. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe zilifunikwa na tope, waliokufa wakapita 400. Milima yetu si kame na mito yetu haikauki, kwa hiyo si sawa kuchukua amri ya Kondoa na kuiweka Kalehe kama ilivyo. Uvira ina ukavu wake wa bonde la Ruzizi chini na mvua ya Itombwe juu, ni mchanganyiko wa peke yake. Lakini baada ya kila msiba, siku ya tatu hivi, mtu mwenye kipaza sauti anasimama na kutaja mwenye kosa: mchoma makaa, mwenye mbuzi, maskini aliyejenga kando ya mto. Kesi ya ng'ombe wa Kondoa iliamuliwa kwa haraka ya namna hiyo. Ni kweli walikuwa wanakula majani yaliyokuwa yakilinda ardhi. Ni kweli pia kwamba misafara, sotoka, mbung'o, majeshi mawili na faini za koloni havikuitwa kutoa ushahidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi wenyewe ulilegeza. Ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa sharti moja, wasitoke bandani. Walikuwa ng'ombe wachache wa maziwa wa aina iliyoboreshwa, na kila nyumba iliyowataka ilibidi ikate majani na kuwaletea. Msaada wa Sweden ulikwisha katika miaka ya 1990, walinzi wakapungua, na makundi ya kawaida yakaanza kurudi kimya kimya, kwanza usiku, baadaye mchana. Sehemu nyingine makorongo yamefunguka tena, hasa pale mashamba yalipopanda kwenye mteremko mkali wakati ng'ombe hawapo. Sehemu nyingine bado yamefungwa kwa majani na miti, na wanawake wanashuka ndani yake na mundu asubuhi, wanakata nyasi zilizoota juu ya kuta za udongo mwekundu, wanazifunga mzigo na kuzipandisha nyumbani kwa ng'ombe aliyefungwa.